Niachieni Ndoo Yangu

Nazungumza nanyi wazee wangu mnaonisikiliza redioni, mlioko barazani, mlioko jikoni, na ninyi ambao bado mko kitandani kwa sababu mgongo haujakubali kunyooka. Nazungumza na wana na wajukuu wenu pia. Leo nazungumzia maumivu yasiyoondoka: magoti yanayosaga, kiuno kinachokata, bega lisilofika juu, nyayo zinazowaka moto usiku. Madaktari huyaita maumivu sugu yakishavuka miezi mitatu. Kwa wengi wenu yamevuka miaka.

Naanza na kiini, ili anayewahi shambani asikikose. Mzee mwenye maumivu sugu hupoteza vitu viwili. Cha kwanza kinachukuliwa na maradhi yenyewe, au na umri, au na kazi ngumu za miaka hamsini. Cha pili ni ule uhakika wa moyoni kwamba kwa mwili huu huu nilio nao, bado naweza kufagia uwanja wangu, bado naweza kufika msikitini, bado naweza kupanda basi peke yangu. Hicho cha pili mara nyingi tunamnyang'anya sisi watu wake, tena kwa mapenzi.

Sikilizeni sauti za nyumba zetu. "Mama, kaa, nipe hiyo ndoo." "Bibi, jembe la nini tena? Sisi tupo." "Babu, usitoke, utaanguka." Hakuna ubaya wowote katika nia ya maneno hayo. Kwetu ni aibu mama mzima kuonekana amejitwika maji na wanawe wapo, majirani watasema. Basi tunachukua ndoo. Mwezi unaofuata tunachukua ufagio, halafu jembe, halafu safari ya sokoni, halafu hata kupika, kwa kuwa moshi na kuinama vinamsumbua. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mama hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mikono yote miwili, na sisi tunatazamana na kusema ugonjwa umeendelea.

Ugonjwa huenda umeendelea, ndiyo. Lakini kuna jambo jingine limetokea ndani ya miguu ile. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolibeba goti. Isipotumika hunywea, na kwa mzee hunywea haraka kuliko kwa kijana. Goti lililoachwa na misuli yake huuma zaidi. Likiuma zaidi, mwenyewe anaogopa kusimama, akiogopa, anakaa, akikaa, misuli inanywea tena. Mzunguko huu wa hofu na kukaa ulielezwa vizuri mwaka 2000 na wanasaikolojia wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, walipoandika kuhusu watu wenye maumivu sugu ya misuli na viungo. Walionyesha kwamba kuogopa kuumia kunaweza kumlemaza mtu kama maumivu yenyewe yanavyomlemaza, na pengine zaidi.

Hapa nataka tuelewane kuhusu maumivu, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kila yanapouma pana kitu kinachochanika. Kwa jeraha jipya ni kweli. Ukikanyaga mwiba, maumivu yanakuambia toa mguu. Maumivu ya miaka mingi ni kama mbwa wa ulinzi aliyezoea wezi: sasa anabweka hata jani likianguka, na ukikimbilia dirishani kila anapobweka hutalala. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa maelezo yaliyobadilisha fani nzima. Walisema habari za maumivu hazipandi kutoka gotini hadi kwenye ubongo moja kwa moja. Ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango, na lango hilo linaweza kufunguliwa au kubanwa, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulibana au kulifungua. Hofu, upweke, kukosa usingizi na kukata tamaa hulifungua. Ndiyo maana goti lile lile huuma zaidi siku ya msiba kuliko siku ya harusi, na hakuna mzee anayedanganya anaposema hivyo.

Halafu kuna picha za hospitali. Mzee anapigwa picha ya mgongo, anaambiwa pingili zimeliwa, diski zimechoka, na anatoka pale akitembea kwa woga zaidi kuliko alivyoingia. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji walikusanya tafiti 33 za picha za migongo ya watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Tena nasema, hao ni watu wasioumwa. Mgongo uliochakaa kwenye picha, kwa umri wa babu yangu, ni jambo la kawaida kama mvi. Mtabibu anayemwambia mzee "mgongo wako umeisha" bila kumwambia habari hii amempa mzigo ambao hakuja nao.

Sasa niwasimulie kisa cha Marekani, kwa sababu ndicho kilichonifanya nione umuhimu wa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, muuguzi na mtafiti aitwaye Kate Lorig alianzisha masomo kwa watu wenye ugonjwa wa viungo, ule ambao wengi wetu huuita baridi yabisi. Ilikuwa mikutano ya saa mbili kila wiki kwa wiki sita. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wengi wao wakiwa na ugonjwa huo huo. Wakafundisha mazoezi, kupumzisha misuli, namna ya kuzungumza na daktari, namna ya kugawa kazi za siku.

Watu wakapata nafuu. Lorig na wenzake wakatafuta sababu, na ikawa fumbo. Walitarajia kukuta kwamba aliyefanya mazoezi mengi ndiye aliyepata nafuu kubwa. Uhusiano huo ukatoka dhaifu mno. Wapo waliofanya mazoezi sana na hawakupata nafuu, na wapo waliofanya kidogo wakapata. Basi wakawafuata washiriki na kuwauliza. Waliopata nafuu walizungumza kama watu walioona kwamba kuna jambo wanaloweza kulifanya juu ya hali yao. Wasiopata nafuu walizungumza kama watu walioamini hakuna la kufanya.

Katika chuo hicho hicho alikuwapo mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa kijiji cha Mundare huko Alberta, Canada, ambaye mwaka 1977 alikuwa amechapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo. Wakamwendea, na masomo yakapangwa upya kwa makusudi ya kukuza imani hiyo. Matokeo ya miaka minne baadaye yalichapishwa mwaka 1993, na hapa naomba usikivu wenu. Maumivu ya washiriki yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20. Safari zao za kwenda kwa daktari zilikuwa zimepungua kwa asilimia 40. Na viungo vyao? Ulemavu wao ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Maradhi yalikuwa yameendelea mbele kama yanavyoendelea, na bado watu wale waliumwa kidogo kuliko walivyoanza.

Nililitafakari sana hilo. Miili iliyozidi kuchakaa, na maumivu yaliyopungua.

Kujiamini ninakokusema, yaani imani hiyo ya Bandura, si ule ujasiri wa mtu anayeongea kwa sauti kubwa kwenye mkutano wa kijiji. Unaweza kuwa jemadari mstaafu ukaogopa ngazi tatu za zahanati. Wala si kuamini kwamba utapona. Bandura alikuwa anazungumzia jambo moja mahususi kwa wakati: je, una hakika gani kwamba unaweza kufanya hili? Mwanasaikolojia wa Sydney, Michael Nicholas, alitengeneza dodoso la maswali kumi kwa watu wenye maumivu sugu. Halimuulizi mtu anaumwa kiasi gani. Linamuuliza ana hakika gani, kuanzia sifuri hadi sita, kwamba anaweza kufanya kazi za nyumbani, kuonana na rafiki zake, kufurahia mambo, ijapokuwa anaumwa. Lile neno "ijapokuwa" ndilo lenye uzito wote. Kliniki nyingi duniani hulitumia sasa, na ningependa siku moja wazee wetu waulizwe maswali ya namna hiyo kabla hawajaandikiwa vidonge.

Imani hiyo inarudije? Bandura alitaja njia kadhaa, na iliyo kubwa kuliko zote ni kutenda na kufaulu. Maneno ya kutia moyo yanasaidia kidogo, na huisha nguvu mara mtu anapojaribu akashindwa. Kufaulu kwa mikono yako mwenyewe hakuna wa kukubishia.

Tuseme bibi ana miaka 72, yuko Muheza, magoti yote mawili yana shida, na bomba liko nyumba ya tatu. Ndoo ya lita 20 imemshinda, hilo ni kweli. Njia yetu ni kumwambia akae. Njia ya pili ni kumpa kidumu cha lita 5, kimoja asubuhi na kimoja jioni, maji yake ya kutawadha na ya chai. Mjukuu ataleta ndoo kubwa, sawa, ila kidumu kile ni cha bibi na hakiguswi na mtu. Kwa kidumu kile anatembea, anasalimiana na wenzake bombani, mapaja yanapata kazi, na jioni anajua maji anayotumia ameyaleta yeye. Mkimnyang'anya hicho nacho kwa huruma, mmemnyang'anya zahanati.

Na ninyi wazee, lipo kosa mnalolifanya siku mnayojisikia nafuu. Mtu anaamka, mgongo mwepesi, anashika jembe tangu alfajiri hadi saa sita mchana kana kwamba analipia siku zote alizolala. Kesho yake hainuki. Keshokutwa anaapa hatalima tena maishani. Mwili umemfundisha kwamba hawezi, kumbe kilichomshinda ni kile kipimo. Wataalamu wa mazoezi ya tiba hufundisha kupumzika kabla ya maumivu kulazimisha, na kuongozwa na saa. Huna saa? Tumia redio hii. Palilia wimbo mmoja, kaa wimbo mmoja. Siku mbaya fanya hivyo hivyo, siku nzuri usizidishe. Wiki ijayo ongeza kidogo. Nakiri ni adabu ngumu kwa mtu aliyezoea kumaliza mche wa mwisho wa mstari ndipo anyooshe mgongo, lakini ndiyo inayofanya Jumatano isilipie Jumanne.

Vifaa navyo vina sehemu yake, na hapa aibu hutuumiza bure. Wapo wanaokataa mkongojo kwa sababu utawaonyesha kuwa wazee, na badala yake wanaacha kwenda ibada, kilabu cha kahawa, hata mazishi ya rafiki. Mkongojo ushikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, sio upande ule ule. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia, na utangulie pamoja na mguu mbovu. Wengi huushika upande usio sahihi, wakaona hausaidii, wakautupa uvunguni.

Choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa mwenye magoti mabovu, na wapo wazee wanaokula na kunywa kidogo ili wasiende chooni. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu. Jiko liinuliwe juu ya matofali lifike kiunoni. Ufagio wa chelewa ufungwe kwenye mpini mrefu. Na kwa anayeumia kusujudu au kupiga magoti, dini zenyewe zimetoa ruhusa ya kukaa kitini. Anayesali kitini amesali.

Njia nyingine ya Bandura ni kumwona mtu kama wewe akiweza. Narudia, kama wewe. Kijana wa mazoezi akikuonyesha namna ya kuinuka hakufundishi kitu, maana goti lake lina miaka 25. Bibi wa rika lako, mwenye goti lililovimba kama lako, akiinuka mbele yako kwa ufundi wake, hapo ndipo moyo unapoanza kushawishika. Huko Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya mpira wa miguu ya mabibi iitwayo Vakhegula Vakhegula. Wengi walikuwa na shinikizo la damu, kisukari, miguu inayouma. Mwaka 2010 walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kucheza kwenye mashindano ya wakongwe. Siwaambii mkacheze mpira. Nafikiria tu bibi wa kijiji cha jirani aliyesimama kando ya uwanja ule akamwona mwenzake, mjane kama yeye, anaukimbilia mpira.

Lazima niseme na upande wa pili, maana naogopa mtu asije akalitumia neno hili vibaya. Kujiamini si mbadala wa tiba, wala si kisingizio cha kumwambia mzee asiye na nauli kwamba tatizo lake liko kichwani. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, yenye ahadi ya matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na hospitali zina madirisha ya wazee. Dirisha likiwepo na dawa ikakosekana, mzee anarudi duka la dawa kununua dawa ya maumivu ya diklofenaki anayoimeza kila siku kwa miezi. Dawa za jamii hiyo zikimezwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na mzee ndiye aliye hatarini zaidi. Mzee wangu, usizimeze mfululizo bila mtabibu kujua. Na unga usio na jina unaouzwa stendi kwa jina la dawa ya viungo uache kabisa. Katika nchi mbalimbali bidhaa kama hizo zimekutwa na steroidi ndani.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Lilipendekeza elimu ya kujitunza na mazoezi. Likasema mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo na dawa za jamii ya afyuni visiwe tiba ya kawaida. Mnaona basi kwamba kilichokuwa wazo la muuguzi mmoja sasa kimo katika mwongozo wa dunia. Wataalamu wa fiziotherapia tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa. Hawatoshi, na wengi wako mijini. Hilo ni deni la serikali kwa wazee wetu, na nitalidai kila nipatapo nafasi mbele ya kipaza sauti hiki.

Zipo dalili zisizosubiri mazoezi wala moyo mkuu. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukipata ganzi katikati ya mapaja, miguu ikilegea ghafla, maumivu yakija na homa au kupungua uzito, au yakiwa ni mapya baada ya kuanguka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikuu hushika hata pingili za mgongo, na saratani ya tezi dume hupenda kwenda huko.

Kwa wengine wote, nina pendekezo. Tunavyo vikundi vya kuweka na kukopa, tuna jumuiya za kanisani, tuna madrasa na vyama vya kuzikana. Wazee wenye maumivu wakutane saa mbili kwa wiki, wiki sita, chini ya uongozi wa wazee wenzao wawili wenye maumivu pia. Jungu kuu halikosi ukoko, na mbinu walizojigundulia watu hawa kwa miaka mingi hazijaandikwa kwenye kitabu chochote. Kila mmoja atoke na azimio moja dogo la wiki, lake mwenyewe, si la mwanawe wala la daktari: nitafanya nini, kiasi gani, siku zipi. Halafu aulizwe kama walivyofanya katika masomo ya Lorig: kuanzia sifuri hadi kumi, una hakika gani kwamba utalitimiza? Akisema saba au zaidi, aende akatimize, na wiki ijayo atoe habari. Babu akisema nitatembea hadi gengeni mara tatu wiki hii, hakika yangu ni tano, msimsukume na msimwambie aache. Mfupishieni safari. Hadi kwa fundi cherehani, mara mbili, na benchi la kupumzikia njiani. Mwulizeni tena.